Maswali ya Wafugaji: Pumba Nyingi, Ganda Laini

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: kuku wa nyumbani, chakula chake na chokaa. Tumechagua sita. Zilizofanana tumeziunganisha, na mahali zilipotoka tumepataja kwa sababu joto la Kigamboni na baridi ya Limuru hazimlishi kuku kwa namna moja.

Kuku wangu 24 wa mayai walikuwa wakitaga trei karibu nzima kwa siku mbili. Sasa mayai yamepungua, na kila asubuhi nakuta mawili matatu yana ganda laini kama ngozi. Chakula ni kile kile cha mfuko ulioandikwa "Layers", ila tangu bei ipande nakichanganya nusu kwa nusu na pumba za mahindi. Niwaongezee chokaa kiasi gani? — Msomaji, Kigamboni

Jibu lako, ndugu yetu, limo ndani ya swali lako: nusu kwa nusu.

Chakula cha kutagia kinapotoka kiwandani kinakuwa na kalsiamu ya kiasi cha asilimia 3.5 hadi 4.5. Tuseme chako kina 4. Pumba za mahindi, ukizipima, kalsiamu yake ni kama hakuna. Ukichanganya mfuko kwa mfuko, umebaki na asilimia 2. Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kwa hiyo wako anapata gramu 2.4 za kalsiamu badala ya 4 na ushee, na katika hizo utumbo wake hunyonya takribani nusu. Ganda la yai moja la kawaida linabeba gramu 2 hivi za kalsiamu tupu. Upungufu anauziba kwa kuitoa kwenye mifupa yake. Siku chache za mwanzo huoni kitu. Kisha maganda yanakuwa membamba, yanafuata yale ya ngozi, na mwisho kuku mwenyewe anapunguza kutaga.

Kuhusu chokaa uliyoulizia: ili kurudisha asilimia 2 iliyopotea katika kilo 100 za mchanganyiko wako, ungehitaji kilo 5 na robo hivi za chokaa ya mifugo, kwa kuwa chokaa nzuri ina kalsiamu ya asilimia 38. Ganda lingekazana. Lakini mayai yasingerudi idadi yake, maana pumba zimepunguza protini pia: chakula cha asilimia 17 kikikutana na pumba za asilimia 10 kinatoka na 13 na nusu. Kuku wa kisasa hatagi vizuri hapo, hata umjaze chokaa hadi shingoni. Vitamini na fosforasi navyo vimepungua.

Ushauri wetu ni uache pumba. Kuku 24 kwa gramu 120 ni kilo 2.9 kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unakutosha siku 17. Piga hesabu ya mayai unayoyapoteza na yanayopasuka, uone kama kweli zile pumba zilikuwa rahisi. Rudisha chakula kamili taratibu kwa siku tano hivi, ukipunguza pumba kila siku. Ukilazimika kabisa kubakiza kidogo, kisipite kilo moja ya pumba kwa kilo tisa za chakula.

Kisha angalia saa ya kulisha. Yai hukaa kwenye sehemu ya kujengea ganda kwa saa 20 hivi, na kazi kubwa inafanyika usiku wakati kuku amelala na hali kitu. Ndiyo maana chokaa ya unga pekee haitoshi: inapita tumboni upesi, na kufikia usiku wa manane imekwisha. Chembe za milimita 2 hadi 4, ukubwa wa punje ya mchele iliyokatika, hubaki kwenye firigisi zikiyeyuka polepole mpaka alfajiri. Wape thuluthi moja ya chakula asubuhi na thuluthi mbili kuanzia saa kumi alasiri, na kwenye chombo cha pembeni weka maganda ya chaza au chokaa ya chengachenga. Kila mmoja atachukua anachohitaji. Kwa kawaida ni kama kijiko cha chai, gramu 4 au 5, kwa anayetaga kila siku.

Ganda likianza kupona utaliona ndani ya wiki moja hadi mbili. Likikataa, chunguza mambo mengine. La kwanza kwa huko kwenu ni joto. Kuku anayehema mdomo wazi anapoteza hewa ya kaboni kupitia pumzi, na hewa hiyo hiyo ndiyo ambayo damu huitegemea kutengenezea ganda. Ndiyo sababu miezi ya Desemba hadi Februari maganda ya pwani huwa membamba hata kwa mfugaji asiyekosea kitu. Pia akihema anakula kidogo. Weka maji kivulini na yabadilishe mchana, kwa sababu maji yaliyopata jua kwenye ndoo ya plastiki hawayagusi. Kwa hali ya kawaida kuku mmoja anakunywa robo lita kwa siku. Kukiwa na joto kali anaweza kufikia nusu lita. La pili ni ugonjwa: mayai yaliyokunjamana kama kitambaa, yakiambatana na kukoroma au mafua, humwita daktari wa mifugo. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, na mafua ya bronkaitisi huharibu ganda kwa njia ambayo hakuna chokaa itakayoirekebisha.

Nina mitetea saba wa kienyeji, mmoja wao ana vifaranga tisa, na jogoo mmoja; mbali na hao wapo wadogo sita wa miezi mitatu. Wote wanakula sahani moja. Jirani ananiambia chakula cha kutagia kitawaharakisha hawa wadogo kutaga. Ni kweli? — Mama mfugaji, Morogoro

Si kweli, mama, na kina madhara.

Kifaranga na kuku anayekua wanahitaji kalsiamu ya asilimia 1 hivi. Ukiwapa chakula chenye mara nne ya kiasi hicho kwa wiki nyingi, mwili unajaribu kuitoa kupitia figo. Figo zinavimba, mirija inaziba kwa vijiwe, na akipasuliwa baada ya kufa utakuta utando mweupe kama unga wa chaki juu ya ini na moyo. Kibaya ni kwamba wengi hawafi palepale. Wanafika umri wa kutaga na figo moja, kisha wanaanguka mmoja mmoja wakati mfugaji ameshasahau walichokula utotoni. Kalsiamu nyingi huzuia pia fosforasi na zinki kunyonywa, kwa hiyo unaweza kumpa kifaranga chokaa ukidhani unamkazia miguu, na miguu ndiyo ikapinda.

Kinachomfikisha mtetea kwenye kutaga ni uzito wake, ukoo wake na urefu wa mwanga wa siku. Kienyeji asiyechanganywa mara nyingi anaanza miezi sita au zaidi, chotara kama Kuroiler kwenye miezi mitano, na kuku wa mayai wa kisasa wiki ya 18 hadi 20.

Kwa kundi la mchanganyiko kama lako, fanya kinyume cha wengi wanavyofanya: chakula cha wote kiwe cha kukuzia, chenye protini ya asilimia 15 au 16 na kalsiamu ya asilimia 1, na kalsiamu ya wanaotaga iwe kwenye chombo chake. Mtetea anayetaga ana hamu ya kalsiamu, hasa jioni, na atakwenda mwenyewe kwenye kopo la maganda. Wadogo na jogoo wataonja wataondoka. Kopo lifungwe ukutani usawa wa mgongo wa mtetea, ili vifaranga wasilifikie na kinyesi kisiingie.

Vifaranga tisa wanahitaji chakula cha kuanzia, chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Wafunike chakula chao kwa tenga lenye nafasi za sentimita 5 hivi. Wao wanapenya, mama yao anabaki nje akigombeza. Baada ya wiki nane wahamie kwenye cha kukuzia.

Jogoo asikutie wasiwasi sana. Akila chakula cha kutagia siku mbili tatu hapati neno, ila asiishi nacho mwaka mzima, kwa sababu hana yai la kuipeleka kalsiamu hiyo. Na mtetea anayeatamia hahitaji nyongeza yoyote mpaka arudi kutaga.

Hao sita wa miezi mitatu, utajua wako karibu kutaga kilemba kitakapokuwa chekundu na kikubwa, watakapochutama ukiwagusa mgongo, na vidole viwili vitakapoingia kati ya mifupa ya nyonga chini ya mkia. Hapo ndipo wanapoanza kujaza akiba ya kalsiamu kwenye uwazi wa mifupa ya miguu. Wafugaji wa kuku wa kisasa huwapa wakati huo chakula cha mpito chenye kalsiamu ya asilimia 2 hadi 2.5 kwa wiki mbili. Wewe kopo lako la maganda linatosha.

Huku kwetu chokaa ya dukani ni ghali, lakini makombe na makome yamejaa ufukweni, na chokaa ya kupakia nyumba ipo tele. Nitumie ipi? — Msomaji, Unguja

Ya kupakia nyumba iache ukutani. Chokaa ile imechomwa tanuruni. Huko kwenu mara nyingi ni mawe ya matumbawe. Ikishachomwa inageuka kuwa kitu kikali kinachounguza, na hata ikizimwa kwa maji bado inababua mdomo, koo na gole la kuku. Chokaa ya kuku ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kupita motoni. Ukipewa usiyoijua, tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji: ikipata joto, au maji yakawa meupe kama maziwa na yanateleza mkononi, irudishe. Iwapo unashuku umeuziwa mchanga mweupe, kamulia ndimu juu yake. Chokaa na maganda ya baharini hutoa povu, na mchanga hunyamaza.

Makombe ni mazuri mno. Kalsiamu yake ni ile ile asilimia 38, na yakitwangwa yanatoa zile chenga tulizozitaja juu. Okota yaliyokufa na kukauka, yasiyo na nyama wala harufu. Yaloweke kwenye maji baridi usiku kucha, mwaga, rudia mara mbili zaidi ili chumvi itoke, halafu yaanike. Twanga kwenye kinu kisichotumika kwa chakula cha watu, chekecha kwanza kwa chekeche la matundu ya milimita 4, kisha kwa la unga. Kinachobaki juu ya chekeche la unga ndicho cha kopo la pembeni. Unga uliopita chini changanya kwenye chakula. Vipande virefu vyenye ncha virudishe kinuni.

Jambo lingine: ipo chokaa ya mashambani yenye magnesiamu nyingi, iitwayo dolomaiti. Inafaa kwa udongo wenye tindikali. Kwa kuku inaleta kinyesi cha majimaji na haiimarishi ganda inavyotarajiwa. Uliza kabla ya kununua, kwa macho zinafanana.

Wengi pia huchanganya chokaa na changarawe. Changarawe ni meno ya kuku: hukaa kwenye firigisi kusaga nafaka na haiyeyuki. Kuku anayetembea anaiokota mwenyewe. Aliyefungiwa na anayekula punje nzima au majani apewe kidogo.

Nataka kuchanganya chakula cha kutagia mwenyewe. Mashudu ya alizeti ninayapata kwa urahisi. Naomba vipimo vya kilo 100. — Mfugaji, Singida

Hivi hapa, kwa kuku wa mayai na chotara wanaotaga:

Mahindi yaliyoparazwa kilo 45
Pumba za mahindi kilo 13
Mashudu ya alizeti kilo 14
Soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 10
Dagaa waliosagwa kilo 7
Chokaa ya mifugo kilo 9
Unga wa mifupa au DCP (unga wa dukani wenye kalsiamu na fosforasi) kilo 1.5
Chumvi gramu 250
Premiksi ya kuku wa mayai (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 250, au kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti yake. Kikizidi, punguza pumba

Inatoka na protini ya asilimia 16 na nusu na kalsiamu ya asilimia 4 na kidogo. Katika kilo 9 za chokaa, 6 ziwe chenga na 3 unga.

Kila kimoja kina mtego wake. Mahindi yenye ukungu yasiingie hata debe moja. Sumukuvu huharibu ini, na ini bovu halitengenezi kiini wala haliitumii vizuri vitamini D. Kukausha au kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Soya mbichi inazuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo ikaange mpaka igeuke rangi ya kahawia nyepesi na inukie kama karanga. Ikiungua umepoteza protini. Dagaa ndio wanaoongoza kwa udanganyifu: tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, uone mchanga uliotuama chini. Waonje pia. Wakiwa wa chumvi, ile gramu 250 ya chumvi iache kabisa, kwani chumvi ikizidi kuku wanakunywa bila kukoma na kinyesi kinakuwa maji. Na usijaribu kuziba pengo la alizeti kwa mashudu mengi ya pamba: yana kemikali inayogeuza kiini cha yai kuwa cha kijani kama zeituni, hasa mayai yakikaa ghalani.

Kuchanganya: premiksi, chumvi na unga wa mifupa uvichanganye kwanza na kilo 5 za mahindi kwenye beseni, ndipo umwage juu ya rundo. Geuza rundo lote kwa koleo kutoka upande mmoja kwenda mwingine mara tano. Ukiruka hatua ya beseni, kuku mmoja atapata premiksi ya wiki na mwenzake asipate hata chembe. Chokaa ni nzito na hushuka chini ya mfuko, hivyo pindua mfuko kabla ya kuchota. Acha chombo cha kulia kiishe kabisa mara moja kwa siku, vinginevyo watachagua mahindi na kuacha vumbi, na vumbi ndilo lenye vitamini. Tengeneza cha wiki tatu tu, kihifadhiwe juu ya mbao.

Mahindi yetu ni meupe, kwa hiyo viini vitakuwa vya rangi hafifu. Hilo halina uhusiano na kalsiamu. Mchicha, majani ya lusina au mlonge yatakurudishia rangi. Funga kishada ukining'inize.

Kuku wangu wako kwenye keji. Wawili wamelala ubavu, hawasimami, lakini wanakula na macho yako sawa. Mmoja alitaga jana. — Msomaji, Thika

Watoe leo, usingoje kesho. Hiyo ina kila dalili ya uchovu wa keji: kuku ametaga mfululizo mpaka akaiteketeza akiba ya mifupa, na sasa mifupa yenyewe imelegea. Mguse kifuani, mfupa wa kidari ukiwa umepinda au unabonyea, jibu unalo. Mlaze sakafuni penye maranda makavu, maji na chakula mbele ya mdomo wake, na kibakuli cha chenga za maganda. Apate jua la asubuhi. Wengi husimama ndani ya siku chache, ikiwa uti wa mgongo haujavunjika. Wanaobaki kwenye keji mara nyingi hufa kwa kiu tu, maana hawafikii chuchu ya maji.

Sababu huwa mojawapo ya hizi tatu: walianza kutaga wakiwa bado kwenye chakula cha kukuzia, chakula hakina fosforasi ya kutosha, au premiksi imepitwa na wakati. Kuku wa ndani hapati jua, na vitamini D3 yake yote iko kwenye premiksi. Ikiharibika, chokaa inapita tumboni na kutoka jinsi ilivyoingia. Soma tarehe kwenye pakiti.

Lakini kama mguu mmoja umenyooshwa mbele na mwingine nyuma, hasa kwa kuku ambaye hajaanza kutaga, huo ni ugonjwa wa Marek. Shingo ikizunguka, huenda ni mdondo. Yote mawili ni ya daktari.

Maganda ya mayai yetu wenyewe yanafaa? Nimeambiwa yatawafundisha kula mayai. Na mbona mengine yanatoka na vipele vigumu juu ya ganda? — Msomaji, Bukoba

Yanafaa. Yaoshe, yakaushe, yaoke au yakaange bila mafuta dakika kumi ili kuua vijidudu, kisha yaponde mpaka yasifanane na yai. Nusu ganda lenye ute likitupwa bandani ndilo linalofundisha. Ila usiyategemee peke yake: ganda kavu lina uzito wa gramu 6 hivi, na kwa kuwa nusu ya kalsiamu inapotea tumboni, yai moja haliwezi kulipia yai linalofuata. Changanya na makome au chokaa. Wanaokula mayai kwa kawaida walianza na yai la ganda jembamba lililopasuka lenyewe, kwa hiyo kaza ganda kwanza, okota mayai mara tatu kwa siku, na weka nyasi kavu za kutosha kwenye viota.

Vipele ni kalsiamu ya ziada iliyogandia juu. Kuku mzee huvitoa mara kwa mara na yai linalika. Vikionekana kwa kundi zima, huenda kuna mtu anamwaga chokaa kwenye chakula ambacho tayari kilikuwa nayo.